Mkwaju wa Lori na Mkwaju wa Redio

 

Leo nimeombwa kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo kila mtu hulitenda, na wachache hulifikiri. Jambo lenyewe ni hili: jinsi sisi wasikilizaji na wasomaji tunavyowatwaa watu wa hadithi, watu wasiozaliwa na mama yeyote, tukawafanya kuwa kama jamaa zetu. Twawapenda, twawachukia, twawahukumu, na pengine twagombana na jirani kwa ajili yao.

Natuanze nyumbani. Ugali wa uwele umekwisha liwa pamoja na mlenda, moto unafuka, na bibi asimulia habari za Sungura na Fisi. Sungura ni mwongo na mwizi. Humla mwenziwe chakula, humtia katika hatari, kisha hucheka. Fisi kosa lake ni tamaa na upumbavu tu. Kama hadithi ingekuwa kesi barazani, hakimu gani asingemfunga Sungura? Hata hivyo watoto wote hushangilia Sungura akiponyoka. Katika miaka yangu ya ualimu nilipata kumwona mtoto mmoja tu aliyemwonea Fisi huruma. Aliinua mkono darasani akauliza, “Mwalimu, mbona Fisi hapewi hata siku moja ya kushinda?” Sikuwa na jibu, nikamwambia akae. Mtoto huyo nitamtaja tena.

Msidhani ya kuwa mambo haya ni ya watoto na wasiosoma. Mwaka 1893 mwandishi Mwingereza, Arthur Conan Doyle, alichoka na mpelelezi wake Sherlock Holmes, akamwangusha katika maporomoko ya maji huko Uswisi ili afe. Wasomaji walikasirika kana kwamba ameua mtu wa kweli. Wakamwandikia barua za ukali, na wengi wakaacha kununua gazeti lililochapisha hadithi zile. Hata mwaka 1903 mwandishi akashindwa, akamrudisha Holmes akiwa hai. Na mtu huyo, ambaye hakupata kuvuta pumzi hata siku moja, ameendelea kuandikiwa barua za kuombwa msaada huko London kwa miaka mingi. Kwetu Afrika Mashariki Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitupa Bwana Msa na rafiki yake Najum, katika kitabu Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Nimewasikia wanafunzi wakibishana jioni nzima kama Najum ni mjinga kweli, ama ajifanya mjinga ili mwenziwe apate kung'aa.

Na wakati mwingine ubishi huo huwa na uchungu. Waliosoma Rosa Mistika, kitabu cha Euphrase Kezilahabi cha mwaka 1971, wanajua. Kitabu hicho kilizuiwa shuleni kwa muda, lakini wasomaji hawakuzuilika. Ukiwauliza watu kumi ni nani aliyemwangamiza Rosa, watano watasema ni Rosa mwenyewe, na watano watasema ni Zakaria, baba yake, kwa ukali wake na ulevi wake. Nami nimeona mara nyingi ya kuwa baba mwenye binti hujibu upesi kuliko wengine, tena kwa sauti kubwa.

Basi sasa nafika kwenye habari niliyokuja kuisema.

Mwaka 1969 huko Peru, katika Amerika ya Kusini, ulianza mchezo wa televisheni uitwao Simplemente María. Ulikuwa ni habari ya msichana maskini, mtumishi wa nyumbani, aliyejifunza kusoma, akajifunza na kushona kwa cherehani, akafanikiwa. Wasichana watumishi wengi walipoutazama walikwenda nao kujiandikisha katika madarasa ya kusoma na ya kushona. Siku María alipoolewa na mwalimu wake, watu wapata elfu kumi walikusanyika nje ya kanisa katika mji wa Lima, wamevaa nguo zao nzuri, na wengine wamechukua zawadi za arusi. Fikirini: arusi ya watu wasiokuwapo!

Mtu mmoja wa Mexico, jina lake Miguel Sabido, aliliangalia jambo hilo kwa makini. Akasema moyoni, ikiwa mchezo uliotungwa kwa kuchuma fedha umewapeleka watu darasani bila kukusudia, je, mchezo uliokusudiwa hasa utafanyaje? Tangu miaka ya 1970 akaanza kutengeneza michezo kwa utaratibu wake. Ndani ya mchezo aliweka watu wema, wa kufuatwa. Akaweka watu wabaya, wa kuepukwa, ambao hupata malipo ya ubaya wao. Na katikati akaweka wale wenye mashaka, wanaokosea, wakajifunza, wakageuka polepole. Alitumaini ya kuwa msikilizaji atamshika mkono huyu wa katikati, watembee pamoja.

Utaratibu huo ulifika kwetu. Mwezi wa Julai mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kila juma, nusu saa kila mara, wakati wa jioni ambapo watu wametoka shambani. Makusudi yake yalikuwa kuwafundisha watu habari za uzazi wa mpango na za kujikinga na UKIMWI. Mle ndani alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake njiani kila asimamapo. Alikuwamo mkewe, Tunu, mvumilivu kupita kiasi, ambaye hatimaye alianza kazi yake mwenyewe ya kumpatia riziki, akamwacha mumewe. Alikuwamo na Fundi Mitindo, mshonaji, mtu wa akili na wa kiasi. Mnaona, ni utaratibu ule ule wa Sabido: Mkwaju wa kuepukwa, Fundi Mitindo wa kufuatwa, na Tunu katikati.

Lakini sisi wa Dodoma hatukuusikia. Wataalamu waliotaka kupima nguvu ya mchezo walihitaji mahali pasipousikia, ili wapate kulinganisha, na mahali hapo palikuwa Dodoma. Kwa miaka miwili, tangu 1993 hata 1995, mtambo wa Dodoma ulitoa vipindi vingine saa ile. Watu wa pande nyingine za nchi walimsikia Mkwaju. Sisi wa nchi kavu ya mibuyu tukawekwa kando kama lile shamba ambalo bwana shamba halitii mbolea, apate kuona tofauti. Baadaye walipopima, akina Everett Rogers na Peter Vaughan, waliona ya kuwa mahali mchezo uliposikiwa watu wengi zaidi walifuata uzazi wa mpango, na walipunguza idadi ya wapenzi wao. Na Dodoma ilipofunguliwa mwaka 1995, mabadiliko ya namna ile yalianza kuonekana huko pia. Habari hizi mimi nilizijua baadaye sana, kwa kusoma. Nilipozijua nilifunga kitabu nikakaa kimya, maana nilikuwa nikiikumbuka miaka ile miwili, na watu wake.

Katika vitabu vya wataalamu yaandikwa kwamba Dodoma haikusikia. Hiyo ni kweli kwa hesabu zao. Lakini kijiji nilichokuwa nikifundisha kilikuwa upande wa Bahi, kando ya njia kuu ya malori yaendayo Manyoni, Singida na mbele zaidi, na barabara huleta mambo ambayo mtambo hauleti. Kijana mmoja wa kijijini kwetu alikuwa utingo wa lori. Ndiye yule mtoto aliyemwonea Fisi huruma. Alikuwa akisafiri hata Morogoro na Dar es Salaam, na huko njiani alimsikia Mkwaju katika redio ya lori. Kila arudipo aliketi chini ya mbuyu karibu na duka, akatuhadithia.

Nami nawaambieni, Mkwaju yule wa utingo alikuwa mtu mkubwa! Alikuwa shujaa wa barabara. Hakuna matope yaliyomkwamisha, hakuna askari aliyemtisha, na kila mji alioingia alipokewa kama mkuu. Wanawake walimpenda kwa kuwa alikuwa mkarimu. Tunu katika simulizi lile hakuwa na jina hata; aliitwa “mkewe”, naye alikuwa akipika na kunung'unika. Fundi Mitindo alitajwa mara moja tu, kwa kuchekwa. Kijana hakuwa mwongo. Alisikia mchezo ule ule waliousikia wengine, lakini alikuwa ameketi juu ya magunia, anatazama dunia kutoka katika lori, naye akamsikia mtu wa kazi yake. Watunzi walimtengeneza Mkwaju awe Fisi. Utingo wetu akamfanya Sungura.

Hili si jambo la Dodoma peke yake, na wataalamu walijua hatari yake tangu mwanzo. Mtu mbaya katika mchezo hana budi kupendeza kidogo, la sivyo nani atamsikiliza? Akipendeza mno, wako watakaotaka kuwa yeye. Mtunzi aweza kuandika maneno, aweza kuchagua sauti nzuri na sauti mbaya, lakini hawezi kuingia katika kila nyumba akawaeleza watu wakae upande gani.

Mwaka 1995 tukaanza kumsikia Mkwaju kwa masikio yetu. Palikuwa na redio moja tu nzuri pale dukani, na mwenye duka alilazimika kusema ya kuwa asiyechanga fedha ya mawe ya redio na asimame mbali. Siku ya kwanza watu walipomsikia walitazamana. Mzee mmoja akasema, “Huyu siye. Mkwaju wetu hana sauti kama hii.” Vijana nao wakasema hivyo hivyo. Walikuwa wamezoea Mkwaju aliyekuja na lori, na sasa wameletewa mwingine, mlevi wa anasa, mwongo kwa mkewe. Na huyo mke kumbe ana jina, na sauti, na mambo mengi ya kusema.

Wanawake hawakusema kwamba siye. Wanawake walinyamaza wakasikiliza.

Ubishi mkubwa ulizuka juu ya Tunu kumwacha mumewe. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko katika kitabu chochote. Katika Ugogo, kama mjuavyo, mahari ni ng'ombe, na ng'ombe hao hutoka kwa jamaa wengi, wakagawanywa kwa jamaa wengi. Ndoa ikivunjika, hesabu yao huanza upya, na kesi zake zaweza kupita umri wa mtu. Basi siku hiyo, redio ilipozimwa, mzee mmoja aliuliza kwa hasira, “Na ng'ombe je? Ng'ombe walioleta mahari yake watarudishwa na nani?” Mwalimu mwenzangu, kijana wa pwani, alicheka, akasema, “Babu, huyu Tunu ni mtu wa redio.” Mzee akamjibu, “Wa redio au si wa redio, aliolewa bure?” Wakaanza kuwahesabu ng'ombe wa Tunu, mmoja mmoja, na mbuzi wake.

Sote tulijua, illa yule mgeni wa pwani, ya kuwa hawakuwa wakimsema Tunu. Mzee yule alikuwa baba yake utingo. Mke wa utingo alikuwa amerudi kwa wazazi wake mwaka uliotangulia, na ng'ombe walikuwa hawajarudi. Lakini kumsema mkwe wa mtu mbele ya duka ni aibu. Kumsema Tunu hakuna aibu. Mjane mmoja aliyekuja kununua chumvi akasimama akasema, “Shikamoo, mzee. Nami nina swali. Mwanamke akingoja nyumbani hata afe kwa ugonjwa alioletewa, ng'ombe watamfufua?” Kisha akachukua chumvi yake akaenda zake. Mzee hakujibu, naye kwa juma mbili hakuja dukani kusikiliza.

Nilipokuja kusoma habari za nchi ya Rwanda nilikumbuka jioni ile. Huko, mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari, ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, wa vijiji viwili vyenye uadui, na wapenzi wawili, Shema na Batamuriza, waliovuka uadui huo. Mtaalamu mmoja, Elizabeth Levy Paluck, aliwachunguza waliousikiliza, akaeleza mwaka 2009 ya kuwa imani za watu za moyoni hazikugeuka sana. Kilichogeuka ni mawazo yao juu ya mambo yapasayo watu kuyatenda, na ujasiri wao wa kusema waziwazi, hata kupingana na wenzao. Mimi nasadiki neno hilo. Sidhani ya kuwa mzee wetu aligeuka moyo kwa ajili ya Tunu. Lakini mjane asingeweza kumwambia neno lile juu ya mkwe wake mwenyewe, na juu ya Tunu aliliweza.

Mchezo ukaendelea, na Mkwaju akaugua. Wakati huo utingo alikuwa haendi tena safarini, alisema amepumzika. Alikuwa amekonda. Kila siku ya mchezo aliketi nyuma ya watu, amejifunika shuka ingawa hakuna baridi, wala hakuhadithia tena. Vijana walimtania mwanzoni, wakimwambia, “Tuambie basi Mkwaju wako atafanyaje,” kisha wakaacha.

Jioni moja alikuja nyumbani kwangu. Akanisalimu, “Shikamoo, Mwalimu,” akaketi, akakaa kitambo kirefu. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, hao wanaotunga mchezo, huandikiwa barua?” Nikamwambia, huandikiwa, na wasikilizaji wengi huwaandikia. Akasema, “Basi niandikie. Mkono wangu hauandiki vizuri siku hizi.”

Nikachukua karatasi na kalamu. Alitaka niseme hivi: ya kuwa sisi wasikilizaji wa huku twajua Mkwaju amekosa, wala hatumtetei, lakini dereva hulala barabarani, hana nyumba, na hakuna aliyemwambia mapema. Twaomba apone. Nilipofika hapo nilisimamisha kalamu, nikamwambia polepole ya kuwa ugonjwa ule hauna dawa ya kuuponya, na watunzi hawawezi kusema uongo katika mchezo wa kufundisha watu. Siku zile hata dawa za kupunguza makali zilikuwa hazijatufikia. Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Akafikiri. Akasema, “Kama hapana budi afe, basi waandike Tunu aje amwone kwanza. Asije kurudi kwake, la. Aje tu amwone.”

Nikayaandika hayo kama alivyosema. Nikamwuliza niweke jina gani chini. Akasema, “Andika, Msikilizaji.” Nikauliza na anwani. Akasema haifai, maana jibu atalisikia redioni. Kesho yake nilipanda basi kwenda Dodoma, nikaitia barua katika sanduku la posta kwa mkono wangu mwenyewe.

Alifariki wakati wa mavuno ya uwele, miaka kadhaa kabla ya dawa kufika. Siku tatu kabla ya hapo mkewe alikuja kutoka kwao, kwa miguu, pamoja na kaka yake. Alikaa ndani naye tangu asubuhi hata jua lilipotua. Mzee alikuwa ameketi nje penye boma la ng'ombe, akawaona wakitoka. Akamwita mtoto awaletee maji ya kunywa, na habari ya ng'ombe haikutajwa siku hiyo.

Saa yangu imekwisha. Kwaherini.